Shemeji na Friji Juu ya Kirikuu

Shemeji yangu kakaa juu ya friji ili lisianguke. Subirini nimcheke kwanza.

Leo asubuhi tumehamisha friji la dada yangu kutoka Mkuza kwenda Maili Moja, anakofungua kibanda cha juisi. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikaja, friji likapakiwa. Nikamwambia mumewe, "Shemeji, tulifunge kamba."

Akanitazama juu mpaka chini.

"Mwalimu, fizikia yako iache shuleni. Mimi nina kilo tisini. Nikilikalia, litakwenda wapi?"

Akapanda, akakaa, miguu inaning'inia. Mimi na dada tukafuata nyuma kwa bajaji.

Hatujafika hata lami, mbuzi akakatiza. Dereva akakanyaga breki.

Gari likasimama. Friji likaendelea mpaka likajigonga kwenye kabini, mlango wake ukabonyea.

Na kilo tisini zetu? Zikapita juu ya paa, zikateleza kwenye kioo, zikatua mchangani mbele ya mbuzi.

Hajaumia, kachubuka kiwiko tu. Akainuka anafoka:

"Nani kanisukuma?"

Jamani! Hakuna aliyekusukuma. Ulikuwa unakwenda pamoja na gari. Gari limeshikwa na breki, wewe nani alikushika?

Dada akaupapasa ule mlango, machozi yanamlenga, kisha akalifunga friji kamba mwenyewe.

Shemeji akahamia mbele. Dereva akamwambia kwa upole, "Bosi, mkanda."

"Mkanda wa nini? Kwenye kiti naanguka vipi?"

Haya, walimu wenzangu, huyu mngemfundishaje?