Mbuzi wa Mahari Tuliowasahau

Leo mzee mmoja kanikumbusha marehemu babu mbele ya watu.

Nilikuwa Mpwapwa, nawaeleza wafugaji tulichopata sisi watafiti kwa hesabu za kompyuta: jinsi homa ya mapafu ya mbuzi inavyosambaa kijiji hadi kijiji, mifugo ikihama.

Nikahitimisha, "Tukifunga minada mapema, ugonjwa unakwisha."

Mzee akanyoosha mkono. "Mwanangu, na mbuzi wa mahari mmewahesabu?"

Hatukuwahesabu, ingawa nao huhama kijiji hadi kijiji bila kupita mnadani.

Na mimi ndiye niliyeswaga mbuzi wa mahari ya baba mdogo hadi Kibakwe, siku nzima kwa miguu, babu akinitajia kila mbuzi kwa jina.

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Naomba utuonyeshe njia zao."

Akaja mbele, akachukua kalamu, akaanza kuzichora.

Kesho tunaanza hesabu upya.

Kwenu mbuzi wa mahari walipita wapi? Niandikieni.