Siku Dume Langu Lilipooneshwa Ukutani

Mimi nishangazwe na nini tena? Shule niliiacha darasa la nne, lakini leo ukiulizia Makambako banda la nguruwe lenye sakafu ya saruji, hata mtoto atakunyooshea kidole. Baridi nimeiona, matapeli wa mnadani nimewaona. Kipya kipi?

Dume langu jeupe ndilo lilikuwa jina langu. Majike yaliletwa hata kutoka Njombe kwa bajaji ya mizigo, yapandishwe. Bei elfu ishirini, na ahadi ambayo hakuna mfugaji mwingine aliyethubutu kuitoa: akizaliwa hata mtoto mmoja mweusi, narudisha hela. Damu safi hiyo!

Basi jirani yangu, mama mjane mwenye ulimi wa pilipili, jike lake jeusi likazaa wanane. Weupe wanne, weusi wanne.

"Kamwene, tajiri," akanisalimu. "Nimefuata elfu ishirini yangu."

"Mama, jike lako limezurura. Hao weusi wana baba mwingine huko vichakani."

"Limezurura na kamba mguuni?"

"Nguruwe wana akili."

Akaondoka akisonya. Mtaa mzima ukalicheka jike lake, nami sikuukataza.

Wiki hiyohiyo binti yangu, anayesoma kidato cha nne Njombe, akaja na kazi ya marudio ya jenetiki. Mwalimu wao wa baiolojia hakutaka madaftari. Kila kundi litengeneze video kwa simu, yenye picha, sauti na maelezo, ioneshwe siku ya wazazi. Binti akachagua nguruwe wetu. Nikampa simu yangu kubwa, nikamwekea bando, nikaliahidi darasa lake kreti ya soda. Kisha nikavaa koti.

"Baba, tueleze ulivyoanza."

Nikatanua kifua. "Nilitoka Iwawa na jike moja tu, jeusi tii kama chungu! Nikaliazimia dume jeupe. Tumboni mwake ndimo alimotoka bingwa huyu!"

Akanirekodi mara mbili, upepo usije ukala sauti.

Siku yenyewe nilimlipia jirani nauli ya kwenda na kurudi, akajionee aibu yake. Video ikawaka ukutani, binti akieleza: "Weupe ni herufi kubwa, unatawala. Weusi ni herufi ndogo, unajificha. Mtoto hupokea herufi moja kwa baba, moja kwa mama."

Mara uso wangu ukatokea, mdomo wazi: jeusi tii kama chungu! Akaisimamisha picha palepale.

"Mama mweusi hana herufi kubwa ya kumpa mwanawe. Kwa hiyo dume hili limebeba ile ndogo, limeificha. Likipanda jike jeusi, tutegemee nusu ya watoto wawe weusi."

Mwalimu akauliza, "Wazazi, kuna swali?"

Jirani akasimama. "Swali sina, mwalimu. Mashahidi wangu wanne wako nyumbani, wananyonya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nyuma yake wakasimama wazazi wengine watano, wafugaji wa hapo Njombe, ambao nao niliwahi kuwaambia majike yao yamezurura.

Kundi la binti lilishika namba moja. Nje nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo.

"Baba, si ulisema wewe hushangazwi?"

Niliwarudishia wote sita elfu ishirini zao hapohapo, mbele ya mwalimu. Ukijumlisha na nauli ya jirani, bando na ile kreti: shilingi laki moja na arobaini na tano elfu na mia tano.