Nati za Tairi la Kushoto

Spana ya tairi inanuka grisi na kutu, na mimi nikiinusa tu hasira inanipanda.

Siku ile tulikuwa tunatoka Madibira na magunia ya mpunga. Baba alibadilisha tairi la mbele kushoto, akakaza nati gari likiwa bado juu ya jeki. Mama akamwambia, “Baba watoto, lishushe kwanza, halafu uzikaze tena.”

Baba akacheka. “Ufundi umejifunzia jikoni? Panda, tutakuta foleni mashineni!”

Kabla ya Rujewa tairi lilichomoka, likatutangulia barabarani.

Leo fundi aliyenibadilishia tairi ameniambia, “Tayari, dada, nenda.” Nimemnyang'anya spana, nakaza mwenyewe.

“Dada, huniamini?”

Simwamini. Siku ile, upande wa kushoto alikuwa amekaa mama.