Fagio mbele ya mtungi

Miaka ya Ujamaa nilifanya kazi kiwandani Temeke, tukigandisha mafuta ya kupikia kwa hidrojeni iliyoshindiliwa kwenye mitungi ya chuma. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi tu, na kila sauti ilinikosesha raha. Asubuhi moja mtungi mmoja ukaanza kupiga mluzi. Fomeni, mzee niliyemwamkia shikamoo kila siku, akachukua spana ili akakaze koki yake.

Nikasimama mlangoni mwa chumba cha mitungi. "Mzee, huingii. Huenda gesi inawaka."

"Moto uko wapi, ndugu msomi? Au unaonekana kwa wenye digrii tu?"

Wenzake wakacheka. Nilijua moto wa hidrojeni hauonekani mchana, lakini je, kama nimekosea?

"Unazuia uzalishaji. Nitakuripoti kwenye tawi la chama."

"Niripoti, mzee. Huingii."

Nikachukua fagio la chelewa, nikalitanguliza kuelekea mtungini. Kabla halijaugusa, ncha zake zikawaka hewani.

Tulikimbia wote, tukaimwagia maji mitungi mingine kutoka mbali isije ikalipuka, mpaka gesi ikaisha na mluzi ukakoma.

Kesho yake niliitwa tawini hata hivyo, nieleze kwa nini nilizuia uzalishaji. Nilikwenda na fagio langu lililoungua.