Korongo wa Shamba la Mutindi

Mume wangu alimwacha bibi harusi mlangoni mwa kanisa na shela usoni, akakimbilia ndege.

Sikudanganyi. Nilikuwepo, na aibu niliyopata siku hiyo wacha tu.

Ilikuwa Novemba 1978, Kitui mjini. Muthama, mume wangu, alikuwa na studio ya picha karibu na soko. Kazi yake safi, wateja wanampenda, na harusi ile alikuwa ameitwa kupiga picha. Lakini mvua ikikaribia na korongo weupe wakifika kutoka huko kwao Ulaya, akili zake zilikuwa zinaruka nao. Alitaka picha moja tu ya korongo itokee kwenye kalenda.

Na mimi? Tulikuwa na miaka kadhaa ya ndoa na sikuwa na picha yangu peke yangu hata moja. Mimi, mke wa mpiga picha.

"Mama Mbinya, wewe si uko hapa kila siku?" alikuwa ananiambia. "Hawa ndege wataenda."



Halafu nikaanza kusikia jina la Mutindi, mjane mmoja wa Matinyani. Mutindi hivi, Mutindi vile.

"Hakuna shamba korongo wanapenda kama ya Mutindi. Akilima wanamfuata nyuma, hawamwogopi hata kidogo."

Kila asubuhi anapanda baiskeli, kamera shingoni, huyo Matinyani.

Korongo gani hao wanaochagua wajane?

Wivu ulinishika hadi nikawa naacha chakula sahanini. Siku moja nilimwacha studio nikaenda kwa Mutindi mwenyewe. Nilimkuta ameinama na jembe, korongo wakidonoa wadudu nyuma yake. Alikuwa mrembo hata akiwa na matope, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Bwana yangu anakuja kufanya nini hapa?" nikamuuliza.

Akajifuta jasho. "Dada, hata mimi nataka kujua. Analala kwa matope huko, chai hataki. Nikisimama kupumzika ananiambia, lima, lima, wataruka. Mwambie akuje na jembe yake."

Sikumwamini.

Mvua ilipokatika, niliingia kwenye kashamba ketu nyuma ya nyumba nimevaa gauni langu la kanisa. Nililima nalo, majirani wakichungulia na kunong'ona kwamba wazimu umenipanda. Na korongo wakaja. Muthama akatoka mbio na kamera, akajitupa kwenye matope.

"Lima, mama. Usisimame."

Nililima nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alipozisafisha picha, akazianika kwenye kamba, zangu na za Mutindi. Nikaingia kuangalia.

Korongo walionekana mpaka unyoya wa mwisho. Mutindi alikuwa miguu miwili na jembe. Mimi pia nilikuwa miguu miwili na jembe. Kutoka magotini kwenda juu, hakuna mtu.

"Baba Mbinya, mimi ni gani hapa?"

Akaziangalia, akakuna kichwa. "Ni hii. Ama ni ile."

Sikupiga kelele. Nilifua gauni langu, likakauka, nikavuka barabara hadi studio ya Gicheru, mshindani wake.

"Inua kidevu kidogo, mama," Gicheru akasema. "Sasa niangalie mimi."

Picha ilitoka nzuri kiasi kwamba aliikuza akaiweka dirishani. Watu wakawa wanasimama kuitazama. Wanaume hasa.

Kisha nikamwona Muthama ng'ambo ya barabara, ameduwaa mbele ya lile dirisha, wateja wake wakimngoja. Alirudi nyumbani mapema na hakugusa chakula.

"Huyo Gicheru alikuambia nini mpaka ukatabasamu hivyo?"

"Aliniambia nimwangalie."

Kesho yake hakwenda Matinyani. Alishinda mlangoni mwa studio yake, macho kwa Gicheru.

Dada zangu, wivu ukikulemea, usiende kugombana na Mutindi wa watu. Mrudishie aliyekutwika, naye aubebe kidogo.