Tundu Moja Kitovuni

Wenzake kazini walimwita Mama Roboti, na jina likamkaa. Kutwa, muuguzi huyu wa upasuaji alisimama ubavuni mwa mgonjwa aliyelazwa usingizi wa dawa, akibadilisha vikoleo na mikasi kwenye mkono wa mashine, huku daktari ameketi pembeni akiuendesha kwa vidole. Vyote viliingia kwa tundu moja dogo kitovuni, na tezi dume ya mtu ikatolewa papo hapo. Alikuwa akiringa nalo tundu lile, na nani angemlaumu?

Ilipofika zamu ya baba yake, fundi seremala wa milango, aliitangazia nyumba nzima: "Tundu moja tu, baba. Utarudi kama hujaguswa."

Akarudi hivyo kweli. Mambo yaliharibikia kwenye ruhusa. Kila mgonjwa kabla ya kutoka huketishwa na muuguzi wa wodi, akaambiwa yake bila kupepesa macho: mpira wa mkojo, kuvujavuja, habari za chumbani na mkewe, na marufuku ya kunyanyua kizito hadi tumbo lishikane. Mzee hakuketishwa. "Huyu ni wako," wenzake walimwambia binti, "utamweleza nyumbani."

Sasa mtoto wa kike aanzie wapi kumwambia baba yake habari za chumbani? Aliona haya kuanza na mkojo, na kwa kuwa hakuanza, hata hilo la kunyanyua akaliacha. Akamwekea mto mgongoni. "Pumzika, baba," akasema, akajiona kamaliza kazi.

Mzee alipumzika kadiri anavyojua yeye kupumzika. Maumivu yalipopoa akarudi karakanani, akaukumbatia mlango wa mbao nzito na kuusimamisha peke yake. Hakuna aliyemkataza. Kovu lilikuwa limejificha kitovuni, na kwa macho ya watu alikuwa mzima wa afya. Kitovu kikafumuka, ngiri ikatokeza, utumbo ukabanwa. Akakimbizwa hospitali, na safari hii alipasuliwa kwa kisu, mpasuko mrefu wa tumbo zima.

Mama Roboti hakuingia chumba cha upasuaji. Alikaa kwenye benchi la korido na nguo zake za kazi, akijichukia. Mtu baki angeyasema yale yote na kwenda zake kunywa chai. Yeye, damu yake, kaona haya, na haya zake zimemlaza baba mezani mara ya pili.

Mzee alipoweza kukaa, muuguzi wa wodi alikuja na maelezo yake. "Niachie mimi," binti akasema. Akavuta kiti, akayasema yote, la mkojo, la chumbani, la kunyanyua, macho yake kwenye shuka.

"Haya nilitakiwa kukwambia ile mara ya kwanza. Nilikuonea aibu. Nisamehe, baba."

Mzee alikohoa, mkono umeshikilia tumbo.

"Wenzangu wodini waliitwa wote wakaelezwa," akasema. "Mimi nikawaambia sina haja, nina mwanangu. Uliponyamaza, nikajua hakuna kitu."