Aliyepiga Hodi Vichakani

Shemeji yake alikitoa kitambaa chekundu kwenye kipande cha nondo, akanyamaza, akamwacha yeye abebe lawama ya mguu wa mumewe. Aliibeba miaka yote mume alipokuwa akichechemea. Aliibeba hata msibani, mama mkwe alipowaambia waliokuja kutoa pole kwamba mwanawe alianza kufa siku alipomwamini mkewe.

Kabla ya mguu huo yeye na mumewe walikuwa watu wa kuonewa wivu, ingawa hawakuwa na kitu. Walikuwa na chumba, sebule, na mashine ya kufyeka vichaka, ile ya magurudumu mawili ambayo mtu huishika mikono miwili kama toroli na kutembea nyuma yake huku panga likizunguka chini na kulaza kila kitu. Mume aliinunua ikiwa imechoka, akaifungua yote, akaifunga upya. Haikulala nje hata mara moja. Ilikaa sebuleni kando ya kochi, ikinuka petroli, na mke alipolalamika kwamba wageni wanakaa wamekunja miguu kama kuku, mume akaibandika jina la Mke Mwenza.

Ikawa mzaha wa nyumba. Asubuhi mume huuliza kama Mke Mwenza ameshakunywa, yaani kama ana mafuta. Jirani mmoja, mama mwenye masikio marefu, alimsikia mke akisema Mke Mwenza leo amegoma kuamka, akaja mbio na kanga ya kiunoni haijakaa sawa ili asipitwe na ugomvi. Aliwakuta wawili hao wamepiga magoti wakisafisha plagi ya mashine.

Waliitwa kwenye ardhi iliyosahauliwa: viwanja vya ndugu waliogombea urithi mpaka msitu ukaota, nyuma ya maghala, ua wa zahanati iliyofungwa. Majani yalimzidi mtu kimo, na ndani yake kulikuwa na vijiti unene wa kidole gumba na miiba ya kuchana suruali. Mume hakuvuta kamba ya kuwashia kabla mke hajatangulia. Mke aliingia na fimbo ndefu, amevaa mabuti ya mumewe yanayompwaya, akigonga ardhi na kusema hodi, hodi, ili nyoka waondoke na ndege wanaotaga chini waruke. Fimbo ikigota kwenye jiwe, kisiki au chuma, anafunga kitambaa chekundu hapo hapo. Vitambaa alivichana kutoka shuka lao la harusi lililotoboka katikati, na mume hakuchoka kuwaambia wateja kwamba hilo shuka halikutoboka kwa kufuliwa.

Akitoka humo amejaa mbegu za magugu hadi kwenye nywele, mume humwuliza kama amepiga hodi.

"Nimekaribishwa," hujibu.

Ndipo mashine ilipowashwa. Kwa sababu ya mngurumo waliongea kwa mikono. Mkono mmoja juu ni endelea. Mikono iliyopishana juu ya kichwa ni simama hapo hapo. Mkono tumboni ni njaa, na huo mume aliutumia kuliko yote. Alizunguka kutoka pembezoni kuingia ndani, na harufu ya majani mabichi yaliyokatwa ilijaa kifuani mpaka mtu akajisikia kama aliyeoga. Ardhi ilianza kuonekana. Siku moja kilitokea kizingiti cha saruji cha nyumba ambayo haikuwepo tena. Waliketi juu yake wakala viazi vya kuchemsha, na mume akanyanyuka, akampa mkono kama mwenye nyumba, akamwambia apite ndani asiogope, mbwa wamefungwa. Mpaka leo mke akisikia harufu ya majani yaliyokatwa hugeuza shingo kumtafuta.

Siku ya ule mguu walikuwa kwenye kiwanja chenye uzio wa zamani uliobomoka. Shemeji, mdogo wake mume, alikuja kuwasaidia kubeba mafuta. Mke alipiga hodi kiwanja kizima, akafunga vitambaa, akajibu amekaribishwa. Mchana mashine ilipumzishwa, naye akaenda bombani kuchota maji. Shemeji akabaki kujaza petroli. Kifuniko cha tangi kilikuwa cha moto, kikamuunguza vidole, akavuta kitambaa kilichokuwa karibu, akakifungulia nacho. Kisha akakitia kitambaa mfukoni.

Alipokuwa akirudi na ndoo, mke alisikia mlio wa chuma kupiga chuma. Panga lilikuwa limekutana na nondo, na kipande chake kikaruka na kumpiga mumewe chini ya goti. Nondo ilikuwa tupu, haina kitambaa. Shemeji alikuwa amesimama hapo, akaitazama nondo, akamtazama na mke.

Mguu haukupona sawasawa. Mume hakumgombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililomla. Alimwambia tu, akiwa kitandani, "Kila mtu hupitiwa, mke wangu." Alimsamehe kosa ambalo si lake, naye akaupokea msamaha na kushukuru. Miaka na miaka alikirudia kile kiwanja kichwani, fimbo mkononi, akijiuliza ni wapi alipopitiwa. Alikumbuka kuifunga ile nondo, kisha akaona haya kukumbuka, akasema pengine anajidanganya. Mashine akaichukua shemeji. Mama mkwe akaacha kumwita mwanangu.

Ukweli mke aliupata baada ya mumewe kuzikwa, kutoka kwa mke wa shemeji, walipokuwa wakichambua mchele. Yule mwanamke si mbaya, ila mdomo wake hauna mlango. Alisema siku ile mumewe alirudi na kitambaa chao mfukoni kinanuka petroli, yeye akakifua, na mumewe akamkemea akichome. Akasema alidhani mambo hayo ndugu walishayamaliza wenyewe. Alipomwona mwenzake ameacha ungo, ndipo alipoziba mdomo.

Kesho yake mjane alimfuata shemeji nyuma ya ghala moja, alikokuwa akifyeka. Hakuna aliyekuwa amepiga hodi; mawe yalikuwa yakirushwa huku na huku. Akasimama mbele ya mashine na kupishanisha mikono juu ya kichwa. Shemeji alizima.

Hakukana. Alisema aliogopa, kaka yake alikuwa akivuja damu, na baadaye kila siku iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi. Kisha akajikaza.

"Kaka ndiye huyo kaburini. Unataka nimfukue nimwambie?"

"Mama yako yu hai," akamjibu. "Mwambie yeye."

Shemeji aliahidi Jumapili. Jumapili akaja kweli kwa mama yake, amevaa shati la pasi. Mjane naye alikuwepo, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, ameshika vikombe. Shemeji akanywa chai, akalalamikia bei ya petroli, akamsifu mama kwa kunenepa, akaaga. Mama mkwe akamsindikiza kwa macho, akasema huyo ndiye aliyebaki kumtazama, maana yule mwingine aliharibiwa na mtu. Aliyasema hayo huku akipokea kikombe kutoka mkononi mwa mkwewe.

Mjane angeweza kumwambia mwenyewe. Lakini neno hilo likitoka kinywani mwake litakuwa la mkwe mwenye kinyongo anayemsingizia mtoto wa watu. Ni la shemeji, na anadaiwa yeye mpaka leo: kitambaa nilikitoa mimi. Si refu. Ila mama masikio yanamwishia mwaka hadi mwaka, na sasa itambidi shemeji alipaze, jirani naye asikie.